Namna ya kuandika historia ya shule ya wasichana ya misheni, ukianza na wasichana wenyewe

Jubilii ikikaribia, kamati hukimbilia mambo matatu: majina ya walimu wakuu tangu wa kwanza, picha ya askofu akikata utepe, na orodha ya majengo. Kijitabu hupigwa chapa, hugawiwa siku ya Misa, na mwezi mmoja baadaye kimewekwa juu ya kabati. Nilifundisha historia Kakamega na Siaya hadi nilipostaafu, na tangu hapo nimekaa na kamati za shule kadhaa za Kikatoliki za wasichana huku magharibi mwa Kenya. Kinachoniuma kila nikishika vijitabu hivyo ni kwamba unaweza kusoma kurasa hamsini usikutane na msichana hata mmoja anayezungumza. Waliojaza madarasa yale hawamo. Kwa hiyo nawaeleza njia ninayoifuata, hasa ninyi wanafunzi wa zamani mlioachiwa kazi hii na kamati bila maelekezo yoyote.

Tarehe ya kuanzishwa

Ubishi wa kwanza utakuwa mwaka. Mama mmoja atasema shule ilianza zamani za bibi yake. Mwalimu mkuu atatoa barua ya usajili ya miaka ya 60. Wote wawili wana haki. Mapadri wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki kutoka Uingereza, waliingia huku wakitokea Uganda, walikofika 1895. Misheni ya Mumias ikaanza 1904, ya Mukumu 1906. Palipo na misheni palikuwa na darasa la katekisimu, na humo wasichana walijifunza kusoma ili wabatizwe. Baadaye wakaja masista, wakafungua bweni, wakafundisha kushona, kupika na kuhesabu pamoja na dini. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilipopanga masomo ya Waafrika kuwa miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari, nyingi ya shule hizi zikawa za kati; baadhi zikawa na darasa la kufunza walimu ubavuni. Kidato cha kwanza kwa msichana Mwafrika kilikuwa nadra mno. Hata ile shule ya upili ya wasichana Waafrika kule Kikuyu ilifunguliwa mwaka 1948 tu. Ndiyo maana kwa shule nyingi za kwetu sekondari ilikuja kuelekea Uhuru au baada yake.

Andika basi kila mwanzo na tarehe yake: darasa la wasomaji, bweni, shule ya kati, kidato cha kwanza. Kamati ichague ni mwanzo upi itakaousherehekea, lakini kitabu kibebe yote. Ukiacha ule wa kwanza umewafuta mabibi waliosoma chini ya mti, na hao ndio waliowasukuma binti zao kuingia madarasani baadaye.

Karatasi ziko wapi

Anzia ofisi ya shule, kwa karani, si kwa mwalimu mkuu. Karani ndiye anayejua stoo ipi ina rejista za zamani na funguo ziko kwa nani. Omba vitu vinne: rejista ya kuandikisha wanafunzi, kitabu cha matukio ya kila siku, kitabu cha wageni, na kitabu cha adhabu kama kimesalia. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila kuukunja mgongo wa kitabu. Mchwa na mvua za huku havisubiri jubilii.

Kisha nenda konventi. Masista wengi waliweka shajara ya nyumba yao, mistari michache kila siku: nani amefika, nani amelazwa, mvua imeezua bati gani. Mama Mkuu asipokuruhusu kuibeba, usikasirike. Omba ukae pale pale uisome. Parokiani kuna rejista za ubatizo na ndoa, na za zamani zimeandikwa Kilatini. Omba padri mzee au sista akae nawe kwa saa moja. Ukishajua mahali pa jina la baba, la mama na la kijiji, kurasa zingine utazisoma mwenyewe.

Ya serikali yako Nairobi, Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Usijiandae kutafuta jina la kaunti yako. Tafuta wilaya kama ilivyoitwa wakati ule. Kakamega na Bungoma zilikuwa ndani ya North Kavirondo, baadaye North Nyanza. Kisumu na Siaya zilikuwa Central Kavirondo, kisha Central Nyanza. Kisii na Homa Bay zilikuwa South Kavirondo. Faili za North Nyanza zina alama ya DC/NN, za Central Nyanza DC/CN, za mkoa mzima PC/NZA. Mwambie mhudumu alama hizo na umeokoa nusu siku. Humo kuna ripoti za kila mwaka za DC, yaani mkuu wa wilaya, na kuna kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji, yaliyoanzishwa miaka ya 1920. Hizi za mabaraza zisome kwa uvumilivu. Ndimo utakapowakuta wazee wakijadiliana kama kodi ya watu ilipwe kwa shule ya wasichana, na kwa sababu gani.

Kumtafuta mwanamke aliyebadilisha jina

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo kamati nyingi hukata tamaa. Rejista inasema Veronika binti fulani, kijiji fulani, 1952. Leo hakuna anayemwita hivyo. Aliolewa, akachukua jina la mume, akazaa, akawa Mama Okumu au Mama Wafula. Kule Ujaluoni majirani wanamwita nyar Gem au nyar Alego, kwa mahali alikotoka. Mvulana wa shule ya jirani, hata akifa, jina lake la rejista ndilo lililo kwenye jeneza. Msichana hupotea akiwa hai, tena kilomita kumi kutoka shuleni.

Usimtafute alikoolewa kwanza. Nenda nyumbani kwa baba yake. Rejista imekupa jina la baba na kijiji. Mzee wa kijiji au katekista atakuonyesha boma, na ndugu aliyebaki au mke wa ndugu ndiye atakayekuambia dada yao alienda kuolewa wapi. Wake wa ndugu hukumbuka kuliko ndugu wenyewe. Ukishapata jina la upande wa mume, uliza akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, katika parokia ile baada ya Misa ya Jumapili. Mara nyingi mmoja atanyoosha kidole tu: yule pale, aliyevaa kitambaa cha samawati.

Chanzo kingine ambacho watu hukitupa ni kile kijitabu cha mazishi. Huku kwetu wasifu wa marehemu hutaja shule alizosoma na miaka yake, na majina ya ukoo wa pande zote mbili. Familia huhifadhi nakala. Omba. Nimewapata wanafunzi wa miaka ya 50 kupitia wasifu wa dada zao waliotangulia, maana walisoma pamoja na walitajwa humo kama ndugu wa marehemu.

Weka daftari lenye safu tatu: jina la rejista, jina la ndoa, jina analoitwa kijijini. Daftari hilo ndilo uti wa mgongo wa kitabu chote.

Ukifika kwake

Usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha, mkate ukipita sokoni. Usifike asubuhi, bado yuko shambani au ana ng'ombe wa kukamua. Alasiri ni bora. Msalimie kwa lugha ya kwake kama unaijua, hata kama ni maneno mawili, uulize nyumba, watoto, mvua. Jitambulishe kwa wazazi wako na kwa shule. Mwite Mama, au Kukhu kwa Waluhya akiwa wa umri wa bibi yako, au Dani kwa Wajaluo. Chai ikija, inywe. Simu ya kurekodi itoke baadaye, na umwombe ruhusa kwanza.

Swali la «ulisaidiwa vipi na shule?» litakupa hotuba. Uliza kuhusu vitu. Sanduku lako lilikuwa na nini? Nani alilibeba? Mlikula nini Jumatano? Karo ya mwaka wa kwanza, nani aliuza nini? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake lina familia nzima ndani: fahali wa kaka aliyekuwa akiweka mahari, pamba ya mama, mjomba aliyekuwa karani reli.

Mama mmoja upande wa Butula, nilipomuuliza habari za sanduku, hakujibu. Aliinuka, akaingia chumbani, akalivuta sanduku lenyewe hadi mlangoni penye mwanga. La bati, rangi ya kijani iliyochubuka, na ubavuni namba 47 kwa rangi nyeupe, mkono wa sista. Sasa linahifadhi kadi za ubatizo za wajukuu na shuka la kuzikiwa. Akaanza kunitajia vilivyokuwamo, akigusa kila pembe: huku shuka mbili, huku sabuni ya mche iliyokatwa vipande, huku kopo la njugu alilotakiwa kulikabidhi akifika. Kaka yake alilifunga kwenye baiskeli hadi stesheni ya Butere, maana reli ilikuwa imefika pale tangu mwanzo wa miaka ya 30. Ukurasa wote wa maisha ya bweni nilioandika ulitoka kwenye pembe nne za sanduku lile. Lipige picha la kwenu, namba ionekane.

Miaka watachanganya, na si kosa lao. Usiwashinikize, funga kumbukumbu kwenye jambo linalojulikana. Nzige walikuwa wameshakuja, au bado? (Mwanzo wa miaka ya 30.) Watu walikuwa wakichimba dhahabu Kakamega? (Miaka hiyo hiyo.) Ilikuwa kabla ya ile mvua kubwa ya 1961? Mboya alipouawa, Julai 1969, ulikuwa darasa gani? Mtihani pia ni saa nzuri: aliyefanya KAPE (wa kumaliza shule ya kati) ni wa zamani za ukoloni hadi miaka ya mwanzo ya Uhuru, CPE (wa kumaliza shule ya msingi) ni mwisho wa miaka ya 60 hadi mwanzo wa 80, KCSE (wa kidato cha nne) ni kuanzia 1989. Na kwenye picha tazama masista. Vilemba na kanzu ndefu vilianza kupungua baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965, na ndio wakati Kilatini kilipoanza kutoka kwenye Misa.

Yapo yatakayosemwa kwa sauti ya chini. Aliyetoroka kuolewa na mzee akakimbilia kwa masista. Aliyeachishwa shule akiwa mjamzito, wakati aliyemtia mimba aliendelea na yake. Aliyevishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yake. Nawaheshimu sana masista. Bila wao wengi wetu tusingeshika kalamu, nami nasema hivyo waziwazi popote. Lakini machozi ya msichana wa miaka kumi na minne ni sehemu ya historia ya shule, na kamati isiyapige ufutio kwa sababu askofu atasoma. Muulize mwenyewe kama jina liandikwe, libadilishwe au lifichwe, na ufuate neno lake. Kuna sheria ya mwaka 2019 inayolinda taarifa za watu, ila kabla ya sheria kuna adabu.

Serikali, kanisa na ardhi

Sura hii iwe fupi na iwe na hati. TSC, Tume ya Huduma za Walimu, ilianza kazi 1967 ikawa mwajiri wa walimu. Sheria ya Elimu ya 1968 ikayaweka makanisa kuwa wadhamini, na sheria ya 2013 imewaacha kwenye nafasi hiyo, wakiwa na viti kwenye bodi na jukumu la malezi ya kiroho. Usiandike kwamba shule «ilinyang'anywa» wala kwamba «ilikabidhiwa kwa furaha» kama huna barua mkononi. Majimbo nayo yamegawanyika: Kisumu lilikuwa jimbo 1953, Kisii likatoka 1960, Kakamega 1978, Bungoma 1987, Homa Bay 1993. Barua za shule yako zinaweza kuwa kwa askofu ambaye si wa jimbo lako la leo. Waulize pote.

Kuandika na kuchapisha

Panga sura kwa vizazi vya wanafunzi: waliokuja kwa miguu, waliokuja kwa treni, waliokuja kwa basi, wanaoletwa leo. Walimu wakuu na majengo yatajitokeza humo yenyewe. Maneno ya mama yakiwa Kiluhya, Kijaluo au Ekegusii, yaache hivyo na Kiswahili chake chini yake. Mrudie kila uliyemrekodi, umsomee sehemu yake kabla haijaenda kwa mpiga chapa. Wengi huongeza jambo zito zaidi siku hiyo.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, huombwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Peleka nakala pia kwenye maktaba za umma za Kisumu, Kakamega na Nakuru, ili hata msichana asiye wa shule yenu aweze kukisoma. Mwishoni mwa kitabu weka faharasa ya majina kutoka lile daftari la safu tatu, ili mtu akimtafuta bibi yake kwa jina la ndoa ampate akiwa kidato cha pili. Rekodi za sauti ziwekwe mahali patatu: shuleni, parokiani, na kwa mwanafunzi wa zamani mmoja mwenye kompyuta, kila faili ikiwa na jina, kijiji na tarehe. Bila hayo matatu, anayezisikiliza baada ya miaka 20 hatajua ni nani anayezungumza.