Kabla ya kuandika mlinganyo wa Schrödinger ubaoni

Darasa la utangulizi wa kemia ya kifizikia chuoni hapa Dar es Salaam huchanganya waliosoma PCM (fizikia, kemia, hesabu) na waliotoka PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia), ambao hesabu zao za Kidato cha Sita ziliishia BAM, yaani hesabu tumizi za msingi. Wiki moja kabla ya kugusa kwanta, yaani nadharia ya chembe ndogo kama elektroni, ambayo mlinganyo wa Schrödinger ndio msingi wake, wape jaribio la nusu saa lisilo na alama: waifanyie sin ax diferensheni mara mbili. Anayepata −a² sin ax, yaani fanksheni ileile imezidishwa kwa namba tu, yuko tayari. Asiyepata aanze semina ya hesabu sasa. Wiki ya sita atakuwa ameachwa.

Vikokotoo vikaguliwe darasani. Wote wapige sin(π÷2). Jibu ni 1, anayeona 0.0274 yuko kwenye digrii badala ya radiani, na mawimbi yake ya elektroni ndani ya kisanduku (mfano rahisi wa elektroni iliyofungiwa kati ya kuta mbili) yatatoka karibu bapa. Mtego wa pili hausemwi sana: vikokotoo vingi haviendi chini ya 10⁻⁹⁹. Mwanafunzi wa atomi ya haidrojeni akianza kwa kuzidisha tungamo la elektroni na e⁴ (e ni chaji ya elektroni), anafika 6 × 10⁻¹⁰⁶, na kioo kinaonyesha sifuri. Atadhani fomula ndiyo mbovu. Wazoeshe kutenga vipeo vya 10 na kuvijumlisha kwa mkono.

Vizio vibaki ubaoni muhula mzima: 1 eV ni 1.602 × 10⁻¹⁹ J, au 96.5 kJ/mol.

Kwa kisanduku chenyewe, karoti za sokoni zinatosha: zikwaruze, zikaushe, utoe rangi kwa heksani. Beta-karotini, rangi hiyo ya karoti, ina bondi maradufu 11 zinazopishana na bondi moja-moja, hivyo elektroni 22 zinajaza ngazi 11 za nishati za kisanduku, na mruko wa elektroni inayofyonza mwanga ni kutoka ya 11 kwenda ya 12. Ukichukua urefu wa kisanduku wa nm 2.94 (bondi 21 kwa nm 0.14), hesabu inatoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nm 1,240. Spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, itasoma karibu nm 450. Fanya hesabu hiyo mwenyewe mapema, maana swali litakuja: bondi hazilingani, ni fupi, ndefu, fupi, na mpishano huo unapanua pengo la nishati ambalo kisanduku tupu hakilijui. Ukiificha tofauti hii umeharibu somo.

Heksani huchemka kwa 69 °C na kwa joto letu hukauka haraka. Kuveti (kichupa cha sampuli) ikiachwa wazi, rangi inakolea, na kilele cha ufyonzaji kinapanda ingawa hakihami. Ifunike. Taa ya spektrofotomita iwashwe dakika 30 kabla. Umeme ukikatika, ipashe tena na usome upya heksani tupu.