Kabla hujanunua nyama mbichi ya kuliwa hivyohivyo

Kama unapenda zile nyama mbichi za kusaga zinazouzwa zimeshatiwa viungo tayari kwa kuliwa, sikiliza, hatari kubwa iko kwenye kule kusaga. Kwenye pande zima bakteria wengi wanakaa juujuu tu, ila ikishasagwa wanachanganyika mpaka ndani, na hapo ndo unakutana na E. koli, salmonela na listeria, na huwezi kuwajua kwa harufu wala rangi. Ndimu na pilipili haziwamalizi jamani, hata friza haiwaui, inawalaza tu.

Kwa hiyo angalia friji ya duka, iwe nyuzi 4 au chini, na tarehe, na uliza imesagwa lini, muuzaji akibabaika achana nayo. Ukifika nyumbani iingie kwenye friji fasta, kisu na ubao vioshe kwa sabuni.

Mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mwenye kinga dhaifu asile kabisa, mpikie mpaka katikati ifike nyuzi 71. Na mtu akianza kuharisha damu msisubiri, wahini hospitali, ile E. koli mbaya inaweza kuharibu figo, hasa za watoto.