Neno moja, maana nyingi: anza na viambishi

Ukikuta kamusi imeorodhesha "paa" mara kadhaa, usikimbilie maana ya kwanza. Rudi kwenye sentensi, utazame viambishi vya maneno jirani. "Paa linavuja" ni la nyumba, ngeli ya LI-YA; "paa amekimbia" ni mnyama, A-WA. Kwa kitenzi, angalia kinachotendwa: anayepaa samaki anatoa magamba, ndege inayopaa inaacha ardhi.

Sarufi nayo hugota. "Alipanda mti" ni kukwea au kuotesha? Hapo soma sentensi inayofuata: akiumwagilia maji, ameuotesha, akianza kuangua matunda, yuko juu. Ukishachagua, weka maana hiyo mahali pa neno, usome tena aya nzima. Ikikwama, jaribu nyingine.