Somo: Kuhifadhi habari za wazee wetu, Malindi na Lamu

Shoga mmoja mzee wa hapa Malindi alipofariki, nduguze walilichoma sanduku lake, picha za harusi alizopigia ngoma ujanani zikiwa ndani. Ndiyo sababu ya somo hili la kuhifadhi habari za wazee wapendao jinsia yao.

Mara ya kwanza nenda mikono mitupu. Kunywa kahawa, kisha urudi. Muulize nani alimwalika harusini, alilipwa nini. Usianze na "ulijijua lini?" Hilo la daktari.

Andika neno analojiita mwenyewe. Shoga, kwa bibi zetu, ni rafiki wa mwanamke mwenziwe; neno hilohilo barabarani hurushwa kama jiwe. Usimvalishe herufi za LGBTQ, jina la jumla la kisasa la watu kama yeye, asizozitaka.

Ridhaa iombe mara tatu: ya kurekodi, ya kuhifadhi, ya kusikizisha. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inauhesabu mwelekeo wa kimapenzi kuwa taarifa nyeti, na vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumiwa kuharamisha ngono ya jinsia moja, vingali vipo. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Kwa hiyo jina na sauti visilale nyumba moja. Rekodi iite kwa alama tu, mfano M3, jina liandike kwenye daftari, daftari liweke kwingine.

Picha kuukuu zipige kivulini bila flashi, na uzime lokesheni kwanza. Leso nayo ipige hadi jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke, uulize nani alimpa na kwa nini. Mara nyingi kisa chote kiko hapo.

Nakala ziwe tatu, moja nje ya mji. Hewa ya chumvi haichagui diski.

MASWALI

*Dada, picha ya nyanya ina watu wengine wanne. Niionyeshe?*
Ihifadhi, usiionyeshe kabla hao wanne hawajakubali. Wakikataa, funika nyuso kwenye nakala. Ile ya asili usiiguse.

*Niko Lamu. Hapa hata sauti inajulikana.*
Kweli, kaka. Mtu wa Langoni hutambulika kwa kikohozi. Sauti ifungie hadi siku aliyoitaja mwenyewe. Toa maandishi tu, mtaa na kazi umevibadilisha.

*Nikisimamishwa njiani na simu?*
Usitembee na rekodi. Hamisha siku hiyohiyo, futa kwenye simu.

*Bibi alikubali, sasa ameghairi. Na mazungumzo yalikuwa matamu mno!*
Futa, mwanangu. Nakala zote tatu. Kisha nenda ukanywe naye kahawa.