Kukinga miche ya mgogwe na mpapai dhidi ya minyoofundo kwa kutumia kuvu

Mgogwe au mpapai unaonyauka mchana ilhali udongo una unyevu, kisha ukadumaa na kukauka kabla ya kuchuma misimu miwili, mara nyingi umeharibiwa mizizi na minyoofundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoivimbisha mizizi, na si ajabu ulitoka nayo kitaluni. Kuvu iitwayo Purpureocillium lilacinum huota juu ya mayai ya minyoo hiyo, ikayeyusha ganda kwa vimeng'enya na kula kilichomo. Haimfikii mnyoo aliyekwisha kuingia ndani ya mzizi, ndiyo maana kazi hii huanzia kwenye kiriba, si kwenye mti uliokwisha kuugua.

Hatua ya kwanza ni kuupima udongo. Jaza viriba vichache, otesha mbegu za tango, na baada ya wiki 5 pasua mfuko badala ya kuuvuta mche, kwa kuwa mizizi iliyovimba hukatika ikabaki chini. Isuuze taratibu ndani ya ndoo. Kinundu cha minyoofundo ni uvimbe wa mzizi wenyewe, hivyo hakibanduki kwa ukucha kama vile vinavyobanduka vinundu vya maharage. Kwa lenzi utaona juu yake vitone vya utelezi vyenye rangi ya hudhurungi, vidogo kuliko punje ya ulezi; kila kimoja kina mamia ya mayai. Ninapendelea tango kwa sababu baadhi ya aina za nyanya zina ukinzani, nazo zitakudanganya.

Udongo wenye vinundu tafuta wa kuubadili. Ikiwa huna mwingine, uloweshe, ufunike kwa nailoni angavu na uuache juani wiki 4 hadi 6. Kisha changanya samadi iliyooza kabisa, kwa maana kuvu hii huishi pia kwa mabaki yaliyooza pale mayai yanapokuwa machache.

Hatua ya kumwagia kuvu ndiyo inayoharibiwa na wengi. Nunua bidhaa iliyosajiliwa, uangalie tarehe ya mwisho ya matumizi, na kipimo ukichukue kwenye lebo. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha. Vaa barakoa na miwani, kwani kuvu hii inaweza kuambukiza jicho. Mwenye kinga dhaifu ya mwili asiishike kabisa. Tia viriba maji kwanza, kisha jioni, jua likiwa limepoa, mwagia mchanganyiko mpaka uanze kuchuruzika chini ya mfuko, ukiukoroga kila mara kwa sababu spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, hutuama. Mwaka mmoja nilitumia bomba la mgongoni lililokuwa na masalia ya dawa ya ukungu, nikaua kuvu yangu mwenyewe. Niligundua miezi miwili baadaye, mizizi ilipokuwa kama tangawizi.

Rudia siku ya kuhamishia shambani, ukimwagia shimo lenyewe, na baadaye kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye lebo. Mzunguko wa mnyoo katika udongo wenye joto ni takribani mwezi mmoja, kwa hiyo kumwagia mara moja hakutoshi. Shimo lisiwe mahali palipotoka bamia au nyanya.

Kabla ya kuuza au kupanda, toa miche michache bila kuichagua, uioshe mizizi. Mche wenye vinundu uuchome moto na udongo wake utolewe kitaluni, wala usiutupe kwenye mboji. Na iliyokuwa imepakana nao usimpe mteja kabla ya kuikagua mmoja mmoja.