Kumfundisha mbwa kijana apite karibu na wenzake bila kuvuta kamba

Mbwa wa miezi 6 hadi 18 anayebweka na kuvuta kila akiona mwenzake, mara nyingi si mkali. Anataka kusalimia, kamba inamzuia, anapandwa na jazba. Ukimchapa, anajifunza kwamba mwenzake akitokea kipigo kinafuata, na ukali wa kweli unaweza kuanzia hapo.

Vifaa

Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ukiwa Mwanjelwa au Uyole, mitaa ya Mbeya, hutakosa kukutana na mbwa wanaozurura ambao hujui kama wamechanjwa. Kisha mkanda wa kifuani na kamba ya mita 2. Mkanda ukikosekana dukani, fundi viatu anaweza kuushona kwa mikanda ya begi kuukuu. Mnyororo uache getini: ni mzito, unamvuta hata ukiulegeza.

Chemsha gramu 100 za maini ya ng'ombe bila chumvi, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) waliokaushwa bila chumvi wanafaa pia. Maini yakizidi yanaharisha, kwa hiyo usimpe yote siku moja. Mtoe kabla hajala.

Hatua ya 1: neno la sifa

Uani, pasipo mbwa mwingine, sema "Safi!" kisha mpe kipande papo hapo. Rudia mara 15. Akianza kukugeukia kila akisikia neno hilo, inatosha.

Hatua ya 2: umbali

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuanza mita tano kutoka kwa mbwa mwingine. Omba mwenye mbwa mtulivu asimame naye upande mmoja wa uwanja wa mpira, asubuhi kabla wanafunzi hawajajaa njiani. Wewe anza mita 40. Mtazame wako: akifunga mdomo ghafla, masikio yakaelekea mbele, mwili ukakakamaa, mko karibu mno. Kipimo cha uhakika ni maini yenyewe. Mbwa mwenye njaa anayekataa maini hajaanza kuringa. Kichwa chake kimejaa yule mwenzake. Rudi nyuma mpaka ale.

Vichochoro vyenye ua wa michongoma viepuke kwa sasa, kwani mbwa huchomoza konani bila kukupa nafasi ya kurudi.

Hatua ya 3: tazama, geuka

Akimwangalia mwenzake akiwa bado ametulia, sema "Safi!" wakati uleule, usisubiri abweke. Mpe kipande karibu na goti lako ili ageuke kukifuata. Baada ya siku kadhaa ataanza kumtazama mwenzake na kukugeukia mwenyewe. Kuanzia hapo lipa kule kugeuka tu. Dakika 10 zinatosha. Ukiendelea akiwa amechoka, anarudia kubweka.

Hatua ya 4: kusogea na kupita

Akifaulu mara 8 kati ya 10, sogeeni mita 2 au 3. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi umbali wa mwisho aliofaulu. Mkianza kupitana, msije uso kwa uso: pinda njia kama nusu duara, wewe ukiwa katikati ya mbwa wawili. Kamba ining'inie. Mtu akiona mbwa mbele huifupisha bila kujua, na mbwa huhisi mkazo huo mara moja.

Salamu za "leo tu"

Usimruhusu asalimie akiwa kwenye kamba. Ukimkubalia mara moja katika kumi, zile tisa atavuta kwa nguvu zaidi, akibahatisha. Kucheza kuwe ndani ya uzio, bila kamba, na mbwa unayemjua na aliyechanjwa.

Mbwa wa mtaani akija mbio

Usikimbie. Kuinama kama unaokota jiwe humfukuza kweli, lakini wako naye anapandwa na jazba. Tupa konzi ya maini upande wa yule anayekuja, geuza wako, ondokeni kwa mwendo wa kawaida. Kwa hiyo, hata mazoezi yakiisha, beba konzi moja ya akiba mfukoni mpaka nyumbani. Wale wanaobweka nyuma ya geti hawahitaji maini: vuka tu barabara.