SOMO: Kampuni uliyo na hisa zake ikitangazwa kununuliwa, ufanye nini

Nimelijibu swali hili tangu Julai 2024, Amsons wa Tanzania walipotangaza kwamba wanaitaka Bamburi Cement, kampuni ya saruji ya Kenya, yote kwa shilingi 65 kwa kila hisa. Dukani, msikitini, kwenye simu saa tano za usiku: "Niuze au ningoje? Mbona sokoni haijafika 65?" Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mimi si mshauri wa fedha. Nauza vipuri vya pikipiki Kongowea, na hisa nazinunua kwa akiba yangu tangu KenGen ilipouzwa kwa umma 2006.

Hatua ya 1. Hakikisha tangazo lipo. Tafuta notisi iliyopita Soko la Hisa la Nairobi au ukurasa wa tangazo gazetini. Picha ya WhatsApp haihesabiki.

Hatua ya 2. Jua ni ofa ya namna gani. Ziko tatu na watu wanazichanganya. Bamburi ilikuwa pesa taslimu kwa hisa zote. Benki za NIC na CBA zilipoungana mwaka 2019 hakukuwa na pesa: NIC ilitoa hisa mpya kwa wenye CBA, wakawa na asilimia 53 ya kampuni mpya, wale wa NIC wakabaki na 47. Ya tatu ni ofa ya sehemu. Diageo walikuwa na asilimia 50.03 ya EABL, kampuni ya bia, na walitaka kufika 65 tu, kwa shilingi 192. Katika ofa ya namna hiyo, wauzaji wakizidi, kila mmoja hupunguziwa na hurudishiwa hisa zilizobaki. Na bei ya EABL sokoni mwaka 2023, ofa ile ilipofungwa, ilishuka mbali sana na 192, kwa hiyo hisa unazorudishiwa si za bei ile uliyoizoea kichwani.

Hatua ya 3. Mtafute mwenye ufunguo, yaani mwanahisa mkubwa anayeamua. Fungua ripoti ya mwaka, ukurasa wa wanahisa wakubwa. Bamburi, Holcim alikuwa na asilimia 58.6. Mimi na wewe na wazee wote wa Mombasa wenye hisa tangu zamani, tukijumlishwa hatumfikii. Agosti 2024 Savannah Clinker, mnunuzi mwingine, wakaja na shilingi 70, baadaye wakapandisha hadi 76.55, na watu wakaanza kupiga hesabu za 76.55 kama zimeshaingia benki. Kabla mwaka haujaisha Savannah wakajitoa. Ikabaki 65 ya Amsons. Kwa hiyo ofa ya pili ikitokea, usiitazame bei kwanza. Tazama mwenye ufunguo anaelekea wapi, na pesa za mnunuzi zimethibitishwa na benki gani. Yote hayo yamo ndani ya waraka wa ofa, na ni wa bure.

Hatua ya 4. Soma masharti. Ofa haikamiliki mpaka wadhibiti waseme ndiyo. Mnaodhani ni muhuri tu, tazameni Tanga. Oktoba 2021 Scancem, wa kundi la Heidelberg ambalo tayari lilikuwa na Twiga, kampuni nyingine ya saruji ya Tanzania, walitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement kutoka kwa AfriSam. Tume ya Ushindani ya Tanzania ikaruhusu, kisha Septemba 2022 Baraza la Ushindani likabatilisha, kwa kuwa Twiga na Tanga zikiwa mkono mmoja zingevuka kiwango cha asilimia 35 ya soko kilichomo katika sheria. Biashara ilikuja kukamilika mwisho wa 2023. Miaka miwili na zaidi! Aliyekopa ili anunue hisa akisubiri "wiki chache", riba ilimla mfupa.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya pengo. Hapa ndipo penye swali lenu la "mbona sokoni iko chini". Pengo lile ni bei ya shaka. Soko linasema: huenda ikachelewa, huenda ikavunjika.

Chukua mfano. Ofa ni 65, sokoni unapata kwa 62. Unanunua hisa 1,000 kwa 62,000. Weka ada za broka na tozo, tuseme asilimia 2, yaani 1,240. Umetoa 63,240. Ofa ikilipa baada ya miezi mitatu unapokea 65,000. Faida yako ni 1,760. Sasa pesa hiyohiyo ungeiweka kwenye hati za serikali za siku 91, ambazo katikati ya 2024 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Ungepata kama 2,520, ukikatwa kodi ya asilimia 15 unabaki na 2,140 hivi. Na ofa ikivunjika, bei ikarudi shilingi arobaini na kitu ilipokuwa kabla ya tangazo, umepoteza zaidi ya 15,000. Kuhatarisha elfu kumi na tano ili upate elfu moja na mia saba, huku serikali inakupa zaidi ya hapo bila jasho? Wakubwa wenye mamilioni wana sababu zao. Mimi sinunui baada ya tangazo.

Mwenye hisa tangu zamani hesabu yake ni nyingine. Kwako swali ni hili: ukiuza leo kwa 62 unakatwa ada, ukingoja kukubali ofa mara nyingi hukatwi. Lakini soma waraka uone nani analipa ada.

Hatua ya 6. Fomu ya kukubali. Somo lote nimeliandika kwa sababu ya hatua hii. Isome polepole.

Miaka kadhaa nyuma ilitoka ofa nzuri kwa kampuni ambayo sitaitaja. Nilikuwa na hisa 1,400. Kati ya hizo, 500 nilizinunua kwa broka wangu wa kwanza, 900 kwa broka wa pili niliyehamia baadaye. Nilijua akaunti yangu ya CDS, ile ya kielektroniki inayotunza hisa, ni moja, nikaamini hisa zote zinakaa chungu kimoja. Sivyo. Hisa hukaa chini ya broka aliyekununulia mpaka uombe zihamishwe. Nikajaza 1,400 kwenye fomu moja, nikampelekea broka wa pili. Kwake alizikuta 900. Idadi haikulingana na fomu ikarudishwa kwa barua pepe Ijumaa mchana. Mimi Ijumaa hiyo nilikuwa Lunga Lunga kufuata mzigo, simu haina chaji. Ofa ilifungwa Ijumaa hiyohiyo jioni. Barua niliisoma Jumatatu asubuhi nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta, na mteja mbele yangu anangoja plagi. Hata zile 900 zilizokuwa sawa hazikwenda. Wiki mbili baadaye bei ilikuwa imeshuka kwa robo. Pesa ile niliipangia karo ya binti yangu ya mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kalamu:

Omba taarifa ya CDS inayoonyesha kila broka na hisa alizonazo. Kama ziko sehemu mbili, jaza fomu mbili, au uhamishe mapema. Usihamishe wiki ya mwisho.

Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye CDS, herufi kwa herufi. Omar na Omari ni watu wawili mbele ya msajili wa hisa. Saini iwe ileile uliyoweka ulipofungua akaunti.

Akaunti ya benki iwe ya jina lako, si ya mke wala ya duka.

Kama hisa umeziweka rehani kwa mkopo, haziendi popote mpaka aliyekukopesha aziachie kwa maandishi.

Kama umenunua sokoni siku za mwisho, kumbuka malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Kabla ya hapo hisa si zako, huwezi kuzikubalia ofa.

Peleka fomu wiki ya kwanza au ya pili, ugongewe muhuri kwenye nakala yako, nakala uitunze mpaka pesa iingie.

Hatua ya 7. Subiri pesa kwa tarehe iliyoandikwa. Isipoingia, nenda na nakala yenye muhuri.

Maswali karibuni.

---

Kijana_wa_Mtopanga: Kaka shukran. Kwa hiyo tununue au tusinunue?

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana_wa_Mtopanga: Nimesoma lakini ni ndefu, nipe jibu tu.

Jibu: Ndugu yangu, anayeona aya mbili ni ndefu atauonaje waraka wa ofa? Soma kwanza. Ukikwama kwenye sentensi fulani, inukuu hapa nami nitakufafanulia.

Mama_Swaleh: Kaka, mimi sikutuma fomu yoyote. Nilitaka nibaki na hisa zangu za Bamburi niwaachie watoto. Sasa naambiwa lazima nitoe. Wanaweza kunilazimisha kweli?

Jibu: Dada, pole, na swali lako ni la maana. Wanaweza. Sheria ya Makampuni ya 2015 inampa mnunuzi aliyekubaliwa na asilimia 90 ya hisa alizoziombea haki ya kuchukua zilizobaki, kwa bei ya ofa. Amsons walivuka 90 Desemba 2024. KenolKobil ilikuwa hivyo pia: Rubis wa Ufaransa walilipa shilingi 23, wakavuka 90, na 2019 kampuni ikaondoka sokoni. Hazichukuliwi bure. Unapewa notisi, na bei ni ileile waliyopata wengine. Asiyejitokeza, pesa yake huwekwa kwa amana kwa jina lake. Kwa hiyo fuatilia, hakikisha anwani na akaunti ya benki waliyo nayo ni ya sasa. Kama lengo ni watoto, pesa hiyo unaweza kuipeleka kwenye hisa nyingine au dhamana za serikali.

Shilingi_Moja: Wewe unajifanya mjuzi lakini waliouza mapema kwa Amsons walikosa 76.55. Ushauri wako unawapa watu hasara.

Jibu: Nani alilipwa 76.55? Nioneshe hisa moja. Ofa iliondolewa. Huwezi kukosa pesa ambayo haikulipwa. Na sikumwambia mtu auze mapema. Nimesema fomu ipelekwe mapema, baada ya kusoma waraka, na waraka wenyewe unakueleza kama unaweza kujitoa ikija ofa bora. Rudi hatua ya 3.

mwl_wa_hesabu: Swali la udadisi. Kama pengo ni bei ya shaka, tunaweza kukadiria soko linaipa ofa nafasi kiasi gani?

Jibu: Mwalimu, hili nililingoja. Ndiyo, kwa makadirio. Chukua bei ya kabla ya tangazo, tuseme 45, na ofa 65. Kati yake kuna shilingi 20. Sokoni ikiwa 62, imepanda 17 kati ya 20. Soko linaipa ofa kama asilimia 85. Ikiwa 55, imepanda 10, ni nusu kwa nusu. Mawili ya kuangalia: bei ya zamani huenda isirudi 45 ofa ikivunjika, yaweza kushuka zaidi au kidogo, na muda wa kungoja nao unapunguza bei hata bila shaka yoyote. Tena kwenye soko letu siku nyingine hisa zinazobadilishana mikono ni chache mno, muuzaji mmoja mwenye shida anaishusha bei peke yake. Mimi natazama wastani wa wiki nzima, sishiki bei ya siku moja.

mwl_wa_hesabu: Safi sana. Na ikiwa sokoni iko juu ya ofa?

Jibu: Basi soko linangoja mnunuzi wa pili au nyongeza. Ndiyo hali ya kuogopa zaidi kununua, kwa sababu ofa ya kwanza ikibaki peke yake una hasara hata ikilipwa.

Tipsi_Kila_Siku: Nina jamaa ndani ya kampuni moja anasema wanauzwa mwezi ujao. Nikuandikie pembeni?

Jibu: Usiniandikie. Kununua kwa siri ya ndani ni kosa la jinai. Mwaka 2018, tangazo la KenolKobil lilipotoka, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iligandisha akaunti za waliokuwa wamenunua kwa namna iliyotiliwa shaka. Jamaa yako anahatarisha kazi yake, na wewe akiba yako.

Hisa_za_NIC: Nimefungua CDS hisa zangu za NIC hazipo. Nimeibiwa?

Jibu: Hapana. Tafuta NCBA. Jina lilibadilika Oktoba 2019, hisa ni zilezile. Nimeligusa hatua ya 2.

Bint_Jomvu: Si swali la ofa hasa, samahani. Marehemu baba alifanya kazi kiwandani. Tumekuta kwenye sanduku vyeti vya karatasi vya hisa, na barua za gawio ambazo hazikuwahi kufunguliwa. Tuanzie wapi?

Jibu: Usiombe samahani, dada. Allah amrehemu mzee. Kwanza usikunje wala kulaminisha vyeti hivyo, viweke kwenye bahasha kavu. Piga picha pande zote mbili. Andika namba ya kila cheti na namba ya mwanahisa, nayo utaiona pia kwenye barua za gawio. Kisha mirathi: mahakamani au kwa kadhi, mpate hati inayowatambua wasimamizi, kwa kuwa msajili wa hisa hatazungumza na mtu asiye nayo. Ukishaipata, msajili atakwambia hisa ziko wapi na kama zililipwa. Gawio lisilodaiwa kwa miaka hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali isiyodaiwa. Kule unatafuta jina la mzee bila malipo, nawe tafuta kwa kila namna jina lake lilivyoandikwa kwenye zile barua, sio moja tu.

Bint_Jomvu: Kwenye cheti kimoja ameandikwa Mohamed, kingine Muhammad.

Jibu: Basi mtahitaji kiapo kwa wakili kwamba ni mtu mmoja. Kiandaliwe sambamba na mirathi, msingoje mrudishwe. Na zile barua zifungue zote, moja baada ya nyingine. Baadhi huenda zina hundi ndani. Tarehe zake zimepita lakini namba zake ndizo zitakazokusaidia kule UFAA.